Kilundo Kinachouliza Kabila

Nilipokuwa bado mtoto wa kupakwa mafuta na bibi kabla ya kwenda shule, nilikuwa na majina mawili ambayo wazazi hawakunipa. Kigwa, kijijini kwa bibi mzaa mama, niliitwa Mwarabu koko. Tabora mjini, Gongoni, kwa shangazi zangu Waarabu upande wa baba, niliitwa golo. Koko ni kama mbwa asiye na mwenyewe. Golo ni mtu mweusi, ila likisemwa pale sebuleni kwa shangazi lilikuwa na maana ya mtu wa kushika ufagio. Sura ni hiyo hiyo, nywele ni hizo hizo, lakini nikipanda treni Kigwa nilikuwa nashuka Tabora nimegeuka kitu kingine.

Mama alikuwa Dar anatafuta maisha, baba alikuwa anajitafuta mwenyewe. Kwa hiyo nikalelewa na bibi.

Sasa, nyuma ya kijiji kuna njia ya zamani, ile waliyokuwa wanapita wapagazi wa misafara kwenda Tabora mpaka Ujiji. Siku hizi inapitwa na ng'ombe na baiskeli za mkaa. Kwenye kona yake moja kuna kilundo cha mawe, wakati huo kilikuwa kinanifika kifuani. Watu wanasema chini yake amelala mpagazi aliyeanguka na mzigo wake, wenzake wakamfunika mawe wakaendelea na safari. Ukipita hapo unaweka jiwe, unataja kabila lako kwa sauti: "Mimi Mnyamwezi, napita." Au Msukuma, au Mha, vyovyote ulivyo. Ukidanganya, mguu unavimba. Yeye miguu ndiyo iliyomwangusha, ndiyo maana anaanzia hapo.

Mimi nilikuwa sipiti. Nilikuwa nazunguka kwa chini, kwenye majaruba ya mpunga, nafika shule na matope mpaka magotini. Mwalimu ananichapa kwa kuchelewa na mimi naona afadhali fimbo.

Halafu mwaka niliokuwa darasa la tatu mvua ikanyesha kama imetumwa. Majaruba yakawa ziwa. Ikabaki njia moja tu.

Asubuhi hiyo wenzangu wapo kilunduni, na Masanja mbele yao. Masanja alikuwa darasa la tano, kwao walihamia na ng'ombe kutoka Ziba, na mdomo wake ulikuwa haujui kupumzika.

"Oyaa, leo Mwarabu koko anapita na sisi!"

"Aseme!" wengine wakadakia.

"Atasema nini sasa huyu? Mimi nusu, nipishe nusu?"

Wakacheka, na nisiwe mnafiki, ilichekesha. Lakini kweli, ningesema nini? Nikisema Mwarabu, Waarabu wenyewe pale Gongoni walikuwa hawanitaki. Nikisema koko, nimejimaliza kwa mdomo wangu. Nikaamua. Nikachagua jiwe kubwa, pana, la mtu asiyeogopa, nikalinyanyua na kusema kwa nguvu, "Mimi Mnyamwezi, napita!"

Hapo hapo kitu kikanichoma juu ya mguu kama sindano ya moto.

Sikupiga kelele. Nililiweka jiwe, nikatembea mpaka shule, na njia nzima nilikuwa nawaza neno moja: amenisikia.

Kufika saa ya kutoka, mguu ulikuwa andazi. Kandambili haiingii. Masanja akaona, na Masanja akiona kitu kijiji kizima kimeona. Jioni jirani yetu mmoja akaja kuomba chumvi, akasimama akiutazama ule mguu, akamwambia bibi taratibu, kama mtu mwenye huruma, "Umwambie tu mtoto ukweli, mama. Ardhi inawajua watu wake."

Bibi akampa chumvi. Jirani alipoondoka akauinamia mguu wangu na tochi, akauminyaminya, akanionyesha vidoa viwili.

"Hili ni tandu. Ulinyanyua jiwe?"

"Siyo tandu, bibi. Ni yeye. Nilidanganya."

"Ulidanganya nini?"

"Nilisema mimi Mnyamwezi." Nikaanza kulia. "Shule sirudi tena. Nikirudi atachukua na huu mwingine."

Bibi akanipaka dawa.

Kesho yake akanibeba mgongoni na kitenge, mtoto wa darasa la tatu, miguu inaning'inia kama ya mbuzi. Nikamwambia watanicheka. Akasema, "Wakucheke, mke mwenzangu. Mimi ndiye ninayeumia mgongo."

Tukawakuta palepale kilunduni. "Shikamoo bibi!" "Marahaba." Akanishusha.

"Masanja, mume wangu," akasema, "eti mtu akidanganya hapa anavimba mguu?"

"Ndiyo, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Bibi akapandisha khanga yake mpaka magotini. Watoto wakapiga mayowe. "Njoo ukague! Unaona aibu gani, si mume wangu wewe? Kagua huu, na huu. Umevimba?"

"Haujavimba, bibi," Masanja akasema akiangalia juu mawinguni.

"Basi sikilizeni. Napita hapa tangu sijaota meno ya utu uzima. Kila nikipita nasema mimi Mnyamwezi. Bibi yangu mimi aliletwa kwa njia hii hii akiwa mtoto, kafungwa kamba, kutoka ng'ambo ya ziwa. Akauzwa Tabora, akaletwa huku. Kabila lake hakulijua, alikuwa anajua jina la mama yake tu. Sasa nyie niambieni, nimedanganya mara ngapi? Na huyu aliyelala hapa, waliomfunika walimuuliza kabila kwanza?"

Halafu Masanja, kwa sauti ndogo: "Kumbe bibi wewe ni mtumwa?"

Nilitaka ardhi inimeze. Bibi akateremsha khanga, akaifunga vizuri kiunoni.

"Bibi yangu ndiye aliyefanywa hivyo. Mimi ni mwenye shamba unamoiba mahindi."

Hicho kicheko nakisikia mpaka leo. Masanja mwenyewe alicheka. Bibi akawaambia wasinyanyue mawe ovyo, tandu wanalala chini yake, akanibeba tena mpaka getini pa shule.

Sitasema kwamba waliacha kuniita koko. Waliniita mpaka namaliza la saba. Ila pale kwenye kona hakuna aliyeniuliza tena.

Nililochelewa kuliona ni upande wa bibi. Kijijini alikuwa kungwi, msichana haolewi bila yeye kuingia ndani kumfunda. Baada ya siku ile harusi ikatokea nyumba ya tatu kutoka kwetu, wakamwita mwanamke mwingine. Tukasikia vigelegele tukiwa tumekaa uani. Nikamuuliza mbona hajaitwa. Akasema mgongo wake umepata likizo. Nikaamini, kwa sababu nilijua nani aliuchosha. Harusi iliyofuata hakuitwa, na nyingine hakuitwa.

Leo nina meza yangu Gongoni, nauza makava ya simu na chaja, na mdomo ninao, mtu akinirushia neno namrudishia na chenji. Lakini nikifikiria naona tofauti yetu. Jambo langu la kusemwa lilikuwa usoni, nisingeweza kulificha hata ningetaka. Lake lilikuwa limefichika kuanzia kwa mama yake, na lingezikwa naye salama. Aliamua kulitoa mwenyewe, mbele ya watoto ambao alijua hawawezi kufunga mdomo, ili mimi nifike darasani.

Na mimi shule niliiacha kidato cha pili. Nilikwenda kumwambia bibi nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Akaniuliza kitu kimoja tu: nimeacha mwenyewe, au maneno ya watu yamenitoa?

Nikamwambia nimeacha mwenyewe, bibi, nataka biashara.

"Haya," akasema. "Hiyo sawa." Akaniuliza kama nimekula.