Sindano Iliyolala Chini ya Kikombe

Baba yangu hakuwa mtu wa kuhamishwa kama godoro. Kaka yangu alijaribu miaka miwili kumtoa Juba akaishi naye Kampala, kwenye nyumba ya vigae na maji ya bomba, na kila mara Baba alikuwa na jibu lile lile: Landrova yake angeachiwa nani? Siku moja kwenye simu kaka akaja juu. Baba naye akamjibu kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani, "Siku mimi nashindwa kutengeneza hii gari na mikono yangu, kuja unichukue. Kabla ya hapo, kalas, imetosha, wachana na mimi." Kaka akakubali. Mimi, binti yake, niliyeishi naye pale Gurei, mtaa wa Juba, nikimpikia na kugombana naye kuhusu dawa za presha, nilicheka. Sikutaka aondoke. Mama alikwisha kufa, na sikuwa na mtu mwingine wa kugombana naye.

Haukupita mwezi, gari likaanza kugonga. Ukitia gia, chini panalia kok!, na ukikimbia kidogo sakafu yote inatetemeka. Baba alilala chini ya gari, akalishika lile bomba refu linalozunguka kati ya giaboksi na magurudumu ya nyuma, ambalo mafundi huliita propela, akalitikisa. Likacheza. Krosi zimekwisha, akasema, na alikuwa akitabasamu. Krosi ni kipande cha chuma chenye mikono minne kama msalaba. Ndicho kinachoiwezesha propela kujikunja huku ikizunguka. Nilihangaika soko la Jebel asubuhi nzima nikampatia mbili. Muuzaji, Mganda mmoja mcheshi, alinionya kwamba krosi bado zipo, lakini ule uma zinamokaa, wa gari kuukuu kama lile, hata Kampala haupatikani tena.

Angeifanya kazi ile peke yake nisingekuwa na la kusimulia. Lakini aliwaita wazee wenzake wawili, walioishi naye ukimbizini Uganda, waje washuhudie. Wakakaa kwenye viti vya plastiki, vifua mbele, utadhani wajumbe wa baraza. Baba, aliyekwisha kuishusha propela, akaufunga uma wake kwenye jiliwa, akaanza kuhutubia. Kila mkono wa krosi huvalishwa kikombe kidogo, na ndani ya kikombe husimama sindano za chuma zaidi ya ishirini, zimeshikwa na grisi tu. Vikombe vitatu viliingia vizuri, wazee wakapiga makofi. Cha nne, alipokiinamisha, nikaiona sindano moja ikiachia na kulala chini ya kikombe. Yeye hakuiona. Alikuwa akimjibu mzee mmoja aliyemtania kuhusu umri.

Sindano kuanguka si aibu. Humwangukia kila fundi; unatoa kikombe, unairudisha, unapaka grisi, dakika tano zimetosha. Lakini ukigonga kikombe nayo imelala, hakifiki mwisho, na klipu ya kukizuia haiingii. Niliyajua yote hayo, maana ndiye aliyenifundisha. Ila kwetu binti hamkosoi baba yake mbele ya rika lake, na wale walikuwa wamekuja kumtazama akishinda. Nikajiambia nitapeleka chai, nitamwinamia, nitamnong'oneza. Eti chai! Ningeweza kumwita tu: Baba, kuna simu yako. Hadi leo najiuliza kwa nini uongo mdogo kama huo haukunijia, mimi ninayewadanganya wenye maduka kila siku.

Niliporudi na sinia alikuwa ameshika nyundo. Klipu ilikuwa imekataa kuingia.

"Bado?" akauliza mzee mmoja.

Baba akagonga kwa nguvu zaidi, akagonga tena, na sikio moja la uma, lile linaloshika kikombe, likakatika. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo. Wazee walikunywa chai yao kwa adabu, wakasema malesh, pole, chuma nacho huzeeka, wakaaga mapema.

Walipotoka, Baba alikichomoa kikombe, akakifuta kwa kitambaa, akaikuta ile sindano imepinda. Akaiweka kiganjani, akanionyesha.

"Ya biniya, binti yangu, wewe uliona hii?"

Ningesema niliiona, angejua mikono yake ilifanya kosa la kila fundi, na kwamba aliyelimaliza gari ni mimi niliyenyamaza. Angenitukana wiki nzima, kisha angebaki Juba. Lakini niliona haya. Niliogopa macho yake.

"Sikuona, Baba."

Akatikisa kichwa polepole. "Hata mimi. Macho imekataa, mikono imekataa."

Akaanza kufuta spana moja moja, akizirudisha kwenye sanduku, na mimi nikiomba moyoni aniulize tena. Hakuuliza.

"Pigia kaka yako simu," akasema. "Mwambie Baba iko tayari."

Tulikuwa wawili tu uani. Hapakuwa tena na mzee wa kumstahi wala mgeni wa kumwonea haya. Nikapangusa mikono kwenye kitenge, nikatafuta namba ya kaka yangu, nikapiga.