Mumbi na Mbio za Mwisho

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuuguza wazee, Mumbi hufungua boneti ya gari lake na kusikiliza injini kama anayepima kifua cha mgonjwa. Mbio za magari amezipenda miaka na miaka, hasa za yale yanayozunguka uwanja wa udongo yakisukumana kama mbuzi zizini.

Jumamosi ya mbio za mwisho kabla ya theluji, kamati ya harusi iliitwa kukutana katika nyumba moja mjini New Hope, huko ughaibuni, saa nane mchana. Mumbi akawahi, ili amalize mapema. Wenzake waliingia jua likishuka, na mwenyekiti Duncan akasema, “Tuombe, halafu tunywe chai.”

Mumbi akasimama. “Mwenyekiti, mimi natoka.”

“Kuangalia magari yakizunguka?” Duncan akamtania, akimwita kwa jina la bintiye. “Si ungesimama tu raundabauti, Mama Njeri!”

Wote wakacheka, hata Mumbi.

“Kamati pia inazunguka, Duncan. Ila magari huanza kwa saa iliyosemwa.”

Wanjiku, mwenye nyumba, akamshika mkono. “Na rangi ya sare?”

“Chagueni. Nitavaa yoyote.”

Akachukua sambusa mbili, akatoka. Walimwekea kikombe chake, wakidhani anatania. Chai ikapoa, Mumbi hakurudi.