Injini ya Kutafuta Iliyotiwa Siasa za Baraza

Kompyuta mimi siijui, na nalisema mapema asije mtu akaniuliza swali. Skuli nilikwenda mpaka nikaweza kuandika jina langu, kisha marehemu baba akaona jina linatosha, akanipeleka shamba kuchuma karafuu. Lakini yapo mambo mtu hujifunza kwa kupigwa nayo usoni. Injini ya kutafuta nimejifunza hivyo.

Ilikuwa baada ya mmojawapo wa huu uchaguzi wetu wa vyama vingi, ambao kila ukipita watu hupona taratibu, na wakishapona vizuri huwa umefika mwingine. Kijiji chetu cha Gando kilikatika pande mbili, kila upande na baraza yake ya kukaa jioni kuzungumza siasa. Wa baraza ya juu haingii duka la wa baraza ya chini, na wa chini hata salamu ya wa juu anaiitikia kwa kukohoa. Namjua mtu aliyekwenda Wete kununua kibiriti, na duka lipo ubavuni mwa mlango wake, kwa kuwa muuzaji alipiga kura vibaya. Akarudi na mvua, kibiriti kimerowa, akalala bila taa. Lakini msimamo wake ulikuwa mkavu, alhamdulillahi.

Basi katika hali hiyo nzuri ndipo mtoto wa dada yangu aliporudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta begani, akasema atatutengenezea injini ya kutafuta ya kijiji. Unaandika kwenye simu unachokitaka, fundi wa mashua, mkunga, mwenye gari la ng'ombe, nayo inakuletea watu. Na kwa vile sisi nyumba zetu hazina nambari wala njia zetu hazina majina, kila mtu akamwandika kwa baraza anayokaa. Mwanamke akaandikwa kwa baraza ya mumewe, maana wanawake wetu hawana muda wa kukaa barazani kuharibu nchi.

Akatia na kijisanduku, humo mtu anaandika kanuni yake mwenyewe ya kuyapanga majibu. Wenyewe wanaiita skripti. Mvuvi anataka walio karibu na pwani waje mwanzo, anaandika hivyo, wanakuja mwanzo. Lilikuwa wazo zuri. Mawazo mazuri huharibika yakifika barazani kwetu, na hili halikuchelewa.

Mpwa wangu akanionya tangu siku za mwanzo. "Mjomba, waambie wenzio waandike kanuni moja, halafu wabadilishe jina la kitu tu pembeni. Injini ikiona kanuni mpya inaipika upya tangu mwanzo."

Nikawaambia. Wakanisikiliza kama wanavyomsikiliza imamu siku ya joto. Mmoja akaandika kanuni ya kutafuta mbuzi. Kesho yake kanuni nyingine, ya mbuzi mweusi. Kisha nyingine, ya mbuzi mweusi jike. Ni kama mwanamke anayeosha sufuria na kuwasha moto upya kwa kila mgeni anayeingia. Injini ikawa nzito, unauliza asubuhi unajibiwa umeshasahau swali. Baraza yetu ikakaa kikao, ikagundua sababu: hujuma za baraza ya juu.

"Na kwanza mchuje," mpwa wangu akasema tena, masikini, bado ana matumaini na sisi. "Msiipe kanuni iwapime watu wote wa kijiji. Mwanamke anayechagua mume hapimi wanaume wa kisiwa kizima, Mjomba. Anaanza na waliokuja kuposa."

Hilo nililielewa. Mimi mwenyewe niliposa nyumba ambayo hakuna mwingine aliyekwenda, nikachaguliwa haraka sana. Mke wangu mpaka leo anasema injini yake ilikosa watu wa kuchuja. Lakini hayo si ya hapa.

Jambo lililomtia hofu zaidi lilikuwa usalama. Kanuni ya mtu, alisema, ifungwe kamba kama mbuzi, ile majani pale ilipofungwa, isifike shamba la jirani. Akazifunga zote isipokuwa moja, ile ya pamoja inayopanga majibu ya kijiji kizima. Ufunguo wake ulikuwa kwa katibu wa baraza yetu. Katibu aliuomba, na katibu ni mtu mzima, na kwetu mtoto hamwambii mtu mzima hapana. Huko Dar es Salaam alikosoma pengine wanaambiana.

Sasa ikaja harusi ya binti yangu wa mwisho. Walima, karamu yenyewe ya ndoa, siku ya Ijumaa baada ya sala, wakwe wanatoka Mgogoni, watu wazito, watu wanaotazama pilau kabla ya kumtazama bibi harusi. Jumatano mpishi niliyemweka kutoka Wete akaleta habari kuwa amefiwa na mama yake. Inna lillahi. Mama wa watu hakuchagua siku. Ila mimi nikabaki na mchele, na ng'ombe, na binti ndani anapakwa hina, na hakuna wa kupika. Wakwe wakija wakakuta moto haujawaka, mwanangu atakwenda kwao na aibu hiyo mpaka uzeeni.

Nikaenda barazani. Wote tulikuwa tunamjua mpishi mwingine. Mpishi wa shughuli, mwenye masufuria ya kuingia mtoto mzima, anakaa nyuma ya nyumba yangu. Lakini mumewe ni wa baraza ya juu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumtaja. Tukatazamana. Tukatazama kuku wanaopita.

"Tuulize injini," akasema katibu.

Ilikuwa akili kubwa. Injini ikimtaja, basi imemtaja injini, si mtu. Injini haina chama. Tukaandika: mpishi wa shughuli, masufuria makubwa. Tukangoja. Wa kwanza akaja mwenzetu anayekaanga pweza mbele ya msikiti. Wa pili fundi wa mashua. Wa tatu katibu.

"Wewe mpishi tangu lini, yakhe?" nikamuuliza.

"Nilipika chuoni."

"Ulipika nini?"

"Chai."

Tukauliza tena, kwa maneno mengine. Pweza, mashua, chai. Nikampigia mpwa wangu simu, akaja na Vespa yake, akachukua simu ya katibu, akasoma, akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Mjomba, injini haijamkosa mpishi. Imekatazwa kumtaja. Kwenye kanuni ya pamoja mtu ameandika kwamba yeyote wa baraza ya juu asionekane kabisa."

Watu wote wakawa wanatafuta kitu mchangani. Katibu akajikohoza.

"Ilikuwa kwa ajili ya nidhamu," akasema. "Basi iondoe kwa leo tu. Jumamosi irudi."

"Haiondoki kwa leo tu, mzee wangu. Nikiifunga, naifunga moja kwa moja. Kila mtu kanuni yake ibaki kwenye simu yake, imfiche asiyemtaka huko huko. Hii ya wote asiiguse mtu. Hata mimi nikitaka kuigusa, aione mwenzangu kwanza."

"Yaani unaninyang'anya ufunguo mimi? Nilikubeba mgongoni wewe!"

"Na shikamoo nakupa kila siku, mzee wangu. Ufunguo ndio sikupi."

Katibu akanigeukia. Baraza nzima ikanigeukia. Nikikubali, nimeitoboa baraza niliyokaa tangu ndevu nyeusi. Nikikataa, wakwe wanapewa chai ya chuoni.

"Mwanangu," nikasema, "mfunge huyo mbuzi."

Akabonyeza, akabonyeza. Tukauliza tena, na jibu likaja juu kabisa: mpishi wa shughuli, nyuma ya nyumba yangu. Basi hapo ungewaona! "Kumbe!" akasema mmoja. "Kumbe yupo karibu hivyo!" Huyo ukuta wake na wa mpishi ni mmoja. Kuku wao wanalala pamoja.

Nikamchukua mke wangu, tukaenda kupiga hodi.

"Nani?" sauti ikatoka jikoni.

"Jirani."

"Jirani yupi? Mimi tangu uchaguzi sina jirani."

Mke wangu akaanza kucheka, mwanamke huyu hajui siasa. Mpishi akatoka, mwiko mkononi. Nikamweleza msiba wa mpishi wa Wete, nikamweleza Ijumaa, na kwa kuwa nilikuwa na haya nikamweleza kuwa injini ndiyo iliyomtaja.

"Injini!" akasema. "Na pua zenu? Kila sikukuu mnainusa pilau yangu bila intaneti." Kisha akamtazama mke wangu. "Mtoto ameshapakwa hina?"

"Anapakwa sasa hivi, dada."

"Nitapika. Si kwa ajili ya huyu na injini yake. Lakini masufuria yangu ni mazito, yanabebwa na watu wawili. Mmoja awe wa juu, mmoja wa chini. Nikiona sufuria lina watu wa upande mmoja, nazima moto, na wakwe zenu mtawapa injini wale."

Alfajiri ya Ijumaa wabebaji wakatoka na masufuria nyuma ya nyumba yangu, wawili wawili. Sufuria kubwa kuliko yote liliwaangukia katibu na mume wa mpishi, kila mmoja na mkono wake wa sufuria, kila mmoja anatazama upande wake. Njia yenyewe nyembamba, ina mizizi. Wakaenda hivyo mpaka katibu akajikwaa.

"Polepole, yakhe!"

"Wewe ndiye unayekimbia. Unakimbilia wapi, na mwenye kupika ni mke wangu?"

Wakwe wa Mgogoni walikula, wakaomba ukoko, wakala na ukoko, ndipo wakakumbuka kuuliza bibi harusi yuko wapi. Binti yangu akatoka nyumbani kwangu na uso wake mzima. Alasiri nikasema sufuria tupu ni jepesi, mtu mmoja anatosha kulirudisha. Walilirudisha wawili vilevile, wakibishana njia nzima ni baraza gani iliyokula zaidi.