Wingu la Kimo cha Kati

Jana, hapa Iyunga, mwanangu alinijia na daftari la jiografia: "Mama, nitajie mawingu ya chini." Nikamwambia amuulize baba yake. Ngoja nikuhadithie wewe, maana mtoto siwezi kumwambia.

Tulikulia milimani kwa bibi yetu, mkulima wa pareto. Asubuhi tulichuma maua, mimi na mdogo wangu, vidole vikifa ganzi kwa baridi. Mchana tukayaanika kwenye majamvi, na ile harufu kali ikatufuata hadi kwenye ugali. Pareto iliyoanza kukauka ikinyeshewa, basi tena. Kwa hiyo bibi aliishi akitazama juu. Mawingu aliyaita kwa majina ya kwetu: jembamba la juu kabisa ni Manyoya, la kijivu lililotanda zito ni Ng'ombe Mwenye Mimba. Akilitaja hilo, sote mbio kuanua.

Likizo ile nilitoka kidato cha kwanza, kichwa kimevimba. Mdogo wangu alikuwa amechaguliwa shule ya bweni, na pareto ya majamvini ndiyo ingemnunulia godoro, sanduku na sare.

Bibi akatazama juu. "Ng'ombe huyo. Anueni."

Nikamcheka! "Bibi, mawingu ya mvua ni ya chini, hayavuki mita elfu mbili. Sisi tuko juu zaidi ya hapo. Lile ni la kimo cha kati, halina neno."

Mwenzangu, kimo cha wingu hupimwa kuanzia ardhi uliyosimama, si kuanzia baharini. Mwalimu alisema, mimi sikusikiliza.

"Haya, msomi wangu," bibi akasema, akaketi. Aliniamini, masikini, kwa kuwa yeye hakusoma.

Mvua haikuchukua hata nusu saa kushuka. Maua yakawa meusi, mnunuzi akayakataa. Januari ikafika, mdogo wangu akabaki nyumbani. Hakuna aliyenigombeza, na hilo linanichoma mpaka leo.

Bibi hayupo. Pareto imeng'olewa, wamepanda viazi. Watoto wa kule wanaangalia mvua kwenye simu. Majina ya bibi anayo mdogo wangu peke yake. Mimi nimebaki na hayo mawili. Mwezi uliopita nilimkuta akianua mahindi, juu kumetanda wingu nisilolijua. Nikamuuliza mdogo wangu, bibi alikuwa akiliitaje.

Hakugeuka. "Wewe ndiye uliyesoma, dada."