Kidole Juu ya Kitufe

Fundi wetu wa kompyuta hapa hospitalini hagawi diski yoyote vipande kabla ya kulisoma jina lake kwa sauti, mara mbili, kidole kikifuata herufi kwenye kioo. Jana alikuwa akitenga kipande cha diski cha kuisaidia kumbukumbu ya kompyuta inapojaa, na diski iliyo jirani nayo ilibeba majalada ya wagonjwa wote. Mkurugenzi alisimama nyuma yake.

“Bonyeza, mama. Foleni imefika getini.”

Fundi aliiondoa mikono kwenye kibodi, akaikalia mikono yake. “Bonyeza wewe, baba. Ukikosea diski, majalada yatafutika na kila mgonjwa atakuwa mgeni hapa.”

Kidole cha mkurugenzi kilifika juu ya kitufe, kikasita.

“Basi kanywe chai,” fundi akamwambia. “Nikimaliza kusoma nitakuita.”

Hakuitoa mikono alikoikalia mpaka mlango ulipofungwa nyuma ya mkurugenzi.