Krimu Iliyoachwa Njiani

Mama mkwe wangu alikaa kwetu Nyamiaga msimu mzima wa mvua bila kufungua begi lake. Alikuja baada ya kumzika baba mkwe huko Biharamulo, walikohamia zamani na mifugo yao kutoka Shinyanga. Ng'ombe waligawanywa kwa watoto, naye, kama alivyosema mwenyewe, akaangukia fungu letu. Akihitaji kanga aliichomoa kwa pembeni, kisha akafunga zipu tena. Kila asubuhi nikimwamkia shikamoo aliitikia marahaba, halafu akauliza kama magari ya Lusahunga, njia ya kurudi kwake, bado yanapita. Nilimpenda yule mama, na niliogopa kwamba siku moja nitakuta kitanda kimetandikwa na begi halipo.

Siku ya kuzaliwa ya binti yetu ikafika, naye alitaka keki ya krimu kama aliyoiona kwenye simu. Krimu ya dukani sikuitafuta, mimi ni mbishi. Nilichukua maziwa mabichi kwa jirani, nikayalaza kwenye friji, asubuhi nikaengua utando mzito wa juu, ndiyo krimu yenyewe. Nyingi niliitia kwenye bakuli, kidogo nikaiacha ya akiba. Nilifunga uma mbili pamoja nikaanza kupiga. Ikaumuka taratibu, nyeupe, laini, ikawa inashika alama za uma. Ndipo nikasikia harufu ya keki ikianza kuungua jikoni.

"Mama, niangalizie hii," nikasema, nikakimbia.

Niliporudi alikuwa na bakuli mapajani, jasho usoni. Ndani vibonge vya siagi vilielea kwenye maji meupe.

"Uliiacha njiani, mwanangu, haijawa siagi," akasema kwa upole. "Nimekumalizia."

Hasira zangu ziko karibu, nyumbani wote wanajua. Nikamjibu, tena kwa sauti, kwamba huko njiani ndiko nilikotaka ibaki. Maji yakimwagika hayazoleki, na neno ni hivyo hivyo. Mama akatazama upande wa chumbani, lilipo begi lake. Niliona aibu mpaka miguuni.

Binti yangu ndiye aliyekaa karibu naye, akachovya kidole kwenye siagi akaramba.

"Kitu cha njiani mnakilaje?" mama akamuuliza.

"Na ndizi mbivu, bibi. Juu ya keki."

Mama akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka, na kumbe ana kicheko cha msichana. Akaulizia kama maziwa yamebaki. Nikaleta ile krimu ya akiba. Akaitazama, akainuka, akaenda chumbani, na nikasikia zipu ikifunguka yote, mpaka mwisho.

Alirudi na kibuyu chake cha kusukia maziwa. Kilikuwa chini kabisa ya begi, kimefungwa ndani ya shuka la marehemu. Alikisuuza kwa maji baridi, akamimina krimu, akakiziba mdomo kwa kiganja, akaanza kukisukasuka gotini huku ameinamisha sikio.

"Sikiliza," akaniambia. Ndani mlikuwa na mlio wa kuchapachapa. Baada ya muda mlio ukazama, kikawa kimya.

"Hapa kinanyamaza, krimu imeumuka. Ukiendelea, kinaanza kusema tena, ndiyo siagi. Mama yangu alikuwa ananichapa nikipumzika hapa."

"Leo pumzika, mama," nikasema. "Na unisamehe."

Akanishika mkono kwa ule mkono wake wenye maziwa.

Tuliigonga krimu itoke, tukaipaka juu ya keki, tukapanga ndizi. Ilikuwa na harufu ya moshi wa kibuyu. Binti yangu alisema ile ya kwenye simu haiwezi kuwa tamu hivi, na mimi nilimwamini. Mama alikula vipande viwili akalamba kisu.

Alipomaliza aliosha kibuyu, akakikung'uta, akasimama nacho mkononi katikati ya jiko akitazama kuta. Kibuyu kilicholowa hakirudishwi kwenye begi, huoza.

"Msumari wa kukitundika uko wapi?" akauliza.

Ukutani haukuwepo hata mmoja. Nikaenda kuchukua nyundo na misumari ya mume wangu, nikachagua msumari mrefu kuliko yote, nikaupigilia ukutani mpaka mama akasema inatosha.