Goti la Mama na Hesabu Zangu za Uongo

Harufu ya mawese yakipashwa moto hunirudisha Ujiji, kwenye chumba cha mbele ambako mama alilala mkekani kiangazi kizima nilipokuwa na miaka tisa. Aliteleza kwenye mawe ya ufukweni akiwa na beseni la dagaa kichwani, na goti likageukia upande lisikopaswa kugeukia. Alipofunguliwa plasta, mguu ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake na haukunjiki. Wanawake wa mtaani wakaja kwa zamu. Walimkanda kwa mawese ya moto, wakatupikia, wakatufulia, wakamnyang'anya hata ufagio, maana kwetu mgonjwa akionekana anafagia wanaoaibika ni majirani. Basi mama akakaa, na goti nalo likazoea kukaa.

Hospitalini tulimkuta mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole mzaliwa wa Kalinzi. Alimwamkia mama shikamoo, akalipapasa goti, akasema, "Mama, majirani zako wanakupenda mno. Hili goti linataka kazi." Mama hakuuliza habari za dagaa wala za soko. Aliuliza kama atasujudu tena. Tangu aumie alikuwa akiswali kitini, na mara nyingi nilimwona akiutazama msala wake uliokunjwa pembeni. Kijana akamjibu kwamba atasujudu, lakini avute kisigino kuelekea makalioni mara ishirini asubuhi na ishirini jioni, hata kama kunauma.

Kazi ya kuhesabu nikapewa mimi. Mama alilala chali, akang'ata ncha ya kanga, akavuta. Machozi yalimtiririka hadi masikioni, na mimi moyo ulikuwa ukinikatika. Siku ya tatu uzalendo ukanishinda: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na saba. Mama akaendelea kuvuta. Kesho yake nikaruka tena, na kila siku baada ya hapo, nikijiona mtoto mwenye huruma kuliko wote Ujiji.

Tuliporudi hospitalini, kijana alilipima goti, akakunja uso. Halikuwa limesogea. "Mnafika ishirini kweli?" Mama akajibu, "Tunafika. Mwanangu ndiye ananihesabia." Nikainamisha kichwa. Tulipofika nyumbani nilimwungamia huku nikilia, nikisubiri kofi.

"Nilijua," mama alisema. "Na mimi nilikuwa nafurahi ukiruka." Akajilaza mkekani. "Haya, anza moja."

Tangu siku hiyo sikuruka hata namba moja, ingawa tulilia wote wawili. Alasiri moja, mwanzoni mwa mvua, alitandaza msala wake. Alishuka polepole, akishika ukuta, mpaka paji la uso likagusa chini. Alikaa pale muda mrefu hata nikaogopa kwamba ameshindwa kuinuka, kumbe alikuwa hataki.

Sasa zamu ni yangu. Bodaboda iliniangusha karibu na stesheni ya Kigoma, na goti langu linafanya ukaidi uleule. Siku hizi kuna mipira ya kuvutia mguu, na simu inayohesabu kwa sauti nzuri isiyojua maumivu. Mama, mzee sasa, huja jioni akaizima, akaketi kando yangu na kuhesabu mwenyewe. Jana, hesabu ilipofika kumi na mbili, nilimtazama nikimwomba kwa macho. Alinitazama na yeye, machozi yakimlengalenga, akanishika mkono.

"Kumi na tatu," akasema.